Udongo Uliorukia Ukutani

Gari likishatoka Korogwe mjini na kushika njia ya Magoma, abiria aliyekaa dirishani anapata somo la kwanza la katuni bila kulipa ada. Mistari ya mkonge iliyo karibu na barabara inapita mbio. Mstari mmoja unafunguka mbele yako, unakuonyesha uchochoro mrefu wa udongo mwekundu mpaka mwisho wa shamba, halafu unafunga, na wa pili unafunguka. Mwembe uliosimama peke yake kule katikati unapita taratibu. Na nyuma ya yote milima ya Usambara haina haraka hata kidogo. Unaweza kusinzia, ukaamka, ukaikuta pale pale ulipoiacha.

Sheria ni hiyo: kilicho karibu hukimbia, kilicho mbali hutulia. Watengenezaji wa filamu za kuchora walisumbuka nayo sana, maana picha ikichorwa kwenye karatasi moja, ukiisogeza, mlima na jani vinasogea kwa mwendo mmoja, na jicho la mtazamaji linakataa. Mjerumani Lotte Reiniger alipanga vioo kimoja juu ya kingine, akalaza juu yake vipande vya karatasi nyeusi alivyovikata kwa mkasi, akapata kina. Filamu yake ndefu ya mwanamfalme Achmed ilitoka mwaka 1926. Disney wakaja na mtambo wao mkubwa wa vioo, wakauonyesha katika filamu fupi The Old Mill mwaka 1937. Siku hizi programu ya kompyuta inapanga matabaka hayo kwa dakika chache. Lakini kijana wa Magoma anayepanda basi kwenda shule ameshaiona sheria yenyewe mara mia, tena kwa mkonge, mwembe na mlima wa kwao.

Nazungumzia kitu ambacho wengi wetu hatukitazami: kile kilicho nyuma ya mhusika. Katika filamu fupi ya katuni macho yanamfuata sungura anayekimbia au mtoto anayesema. Nyuma yake kuna ukuta, njia, kilima, moshi, wingu. Kuna mtu alikaa siku nyingi akavitengeneza vitu hivyo. Tunaviita mandhari, na wapo wanaoamini kwamba mandhari ni kitu cha kujazia nafasi, kama maua ya plastiki mezani. Kwangu mimi hapo ndipo utu wa mtengenezaji unapoonekana. Ukimchora mtu pamoja na mahali pake sawasawa, umemwambia kuwa umemwona. Ukimpachika popote, umemwambia kwamba kwao hapakustahili hata kutazamwa.

Katika nchi yetu kazi hii bado ni changa. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam, ilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC mwaka 2014, watoto wakasikia hesabu na sayansi kwa Kiswahili kutoka kwa wahusika waliochorwa hapa hapa. Kisha akaja Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala anaingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land. Kilichonishika mimi ni ule mlima. Mtoto wa Kitanzania anakaa mbele ya televisheni, na mlima ulio nyuma ya mhusika ni ule ambao shangazi yake kule Moshi anauona akifungua dirisha asubuhi. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hilo. Mimi nilihitaji muda, kwa sababu katuni nilizokua nazo zilikuwa na theluji juu ya mapaa, ua wa mbao nyeupe, na bomba jekundu la zimamoto kando ya barabara. Niliyajua mabomba yale kabla sijajua jina la mti uliokuwa ukitutilia kivuli nyumbani.

Nairobi nako walifanya kazi kubwa. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa katika studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, ina vipindi 52 vya hadithi za wanyama, na michoro yake imefuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Hapa nataka nitulie kidogo, kwa kuwa njia ya mtu huyu ilipita kwetu.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya maelfu ya vijana wa kusini: alikuja mkoa wa Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za kubangaiza, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao laini za kujengea dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Uchoraji wake ulidumu miaka kama minne tu. Kutoka katika miaka hiyo minne umezaliwa mtindo uliojaza maduka ya Msasani na Zanzibar, na miaka karibu 40 baadaye ukaingia katika televisheni za watoto wa Ulaya.

Tazama michoro yake ya mwanzo. Mnyama mmoja, mkubwa, amejaza ubao. Nyuma yake ni rangi moja, au mbili zinazofifiana. Hakuna kilima, hakuna nyumba, hakuna mstari wa mkonge. Mtu anaweza kuniuliza: huyu naye hakupaona mahali? Nimelifikiria swali hilo sana, na jibu langu ni kwamba alipaheshimu kwa namna yake. Hakuweka kitu cha uongo nyuma ya chui. Alikuwa na ubao wa kuokoteza na makopo machache ya rangi, akampa chui nafasi ya kusimama, akaishia hapo. Uaminifu wa mandhari haupimwi kwa wingi wa majani. Rangi moja iliyochaguliwa kwa moyo inatosha. Dhambi ni kuazima ukuta wa mtu mwingine ukatuambia ni wa nyumbani kwetu.

Sasa tuseme vijana wanne wa Korogwe wamekubaliana kutengeneza filamu fupi ya dakika tano. Hadithi wanayo, tena ya kwao: kisa cha Mbegha, ambacho Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbegha alitoka Nguu, upande ambao leo ni Kilindi na uliokuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Akawa mwindaji wa nguruwe, akahama na mbwa wake, akapita Uzigua, akapanda Usambara. Wasambaa wakampokea kwa sababu ya nyama aliyowagawia, akaua simba, na mwisho akatawala Vugha.

Ukikisoma kisa hicho kwa jicho la mchora mandhari, unagundua kwamba mahali ndipo panapoeleza kila kitu. Kwa nini watu wa mlimani wamfurahie mgeni asiye na kabila wala ukoo pale? Kwa sababu wao ni wakulima wa migomba katika nchi ya mvua, na yeye ametoka nyika iliyojaa wanyama. Ana nyama, wao wana vyakula vya shamba. Filamu ikitupeleka kutoka nchi kavu ya Handeni, majani ya rangi ya kahawia na miiba, kuvuka mto Pangani, kupita bondeni, kisha kupanda hadi kwenye ukijani mzito wenye umande, mtazamaji ataelewa biashara ile bila neno hata moja. Mchoraji akipaka kote rangi moja ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, kisa kimekufa. Mbegha atabaki mtu aliyegawa nyama tu.

Na kuna mtego hapo. Kijana wa Magoma akianza kuchora bonde la kwao, mkono wake wenyewe utaweka mkonge. Amezaliwa ameukuta, babu yake aliukuta. Ila Mbegha hakuukuta. Wanahistoria humweka mwanzoni mwa karne ya 18, na mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62. Kwa hiyo mkonge utoke. Mgrivilea nao utoke, na mkaratusi, maana yote miwili asili yake ni Australia. Yale maua ya lantana yanayofunga njia za Usambara, rangi ya chungwa na waridi kwenye kichala kimoja, yatoke pia, yalitoka Amerika. Bati litoke. Mandhari ina umri kama mtu alivyo na umri, na anayeichora anapaswa kuujua.

Ukiviondoa vyote hivyo unabaki na nini? Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndipo mimi ninapoipenda kuliko filamu. Itabidi wale vijana waende kwa wazee wakaulize mti gani ulikuwapo, unaitwaje kwa Kisambaa, ulikuwa unafanyiwa nini. Itabidi wapande hadi msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wakae chini, wasipige picha kwanza. Waone jinsi mwanga unavyofika chini umekatika vipande. Waone magome yaliyovaa kuvu na ukoga. Wakibahatika, kwenye mwamba wenye kivuli wataliona lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa Usambara, alipeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892. Wajerumani mpaka leo hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara, na kuna nyumba nyingi za Ulaya linakomwagiliwa dirishani. Katika filamu litaonekana kwa sekunde mbili, pembeni, chini, wakati mbwa wa Mbegha wanapita. Hakuna mhusika atakayelitaja. Mimi ningelipa nauli ya vijana wote wanne kwa ajili ya sekunde hizo mbili.

Au wakiamua filamu yao iwe ya siku hizi, basi mkonge unarudi, na unarudi na masharti yake. Programu nyingi za kutengenezea katuni zina kitu cha upepo. Unakibonyeza, majani yote ya shamba yanayumba kwa pamoja kama nyasi za mbugani. Sasa nenda kasimame kwenye shamba la mkonge siku ya upepo. Majani yake ni kama mapanga, yametoka kwenye shina yakazunguka pande zote, kila moja lina mwiba mweusi nchani. Hayayumbi. Upepo unapita kati yake, na wewe unausikia zaidi ya kuuona. Kinachocheza ni kile kijiti kirefu kinachochipuka katikati mmea ukishazeeka, wenyewe wanakiita mlingoti, kirefu kuliko nyumba. Mlingoti unatikisika juu wakati mapanga chini yametulia. Tena mkonge unaotoa mlingoti unakaribia kufa. Huchanua mara moja katika maisha yake, huzaa vichipukizi vyake huko juu, basi. Kijana anayejua hivyo anaweza kuchora shamba zima lililosimama kimya na mlingoti mmoja ukitikisika, na akawa amesema habari ya uzee bila kumweka mzee hata mmoja. Asiyejua atabonyeza kitufe.

Mawingu nayo yana adabu zake. Magoma iko katika bonde la Lwengera, kati ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi. Jua linachomoza nyuma ya safu moja na kuzama nyuma ya nyingine. Mvua inaletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Wingu linafika kwanza Usambara ya Mashariki, linaukalia mlima, linamwaga mzigo wake upande ule. Kwa hiyo anayetengeneza mvua ya katuni ya Magoma lazima ajue wingu lake linatoka wapi na kivuli kinaangukia wapi saa tatu asubuhi. Watu wa fani hii huita mvua, moshi, vumbi na moto efekti, na wengi wanazihesabu kuwa kiungo cha kuongezea ladha mwishoni. Sikubaliani nao. Vumbi linalofuata pikipiki kwenye njia ya Mashewa lina rangi ya udongo wa pale. Likiwa la kijivu, pikipiki ile haikupita pale. Hata usiku una ukweli wake. Simba wa Mbegha hahitaji manyoya elfu yaliyokokotolewa na kompyuta. Mbele ya moto wa kuni, kilicho nje ya mwanga ni umbo jeusi tu, kama zile karatasi za Reiniger. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyowaona wanyama usiku, na ni kazi ya mkasi na karatasi.

Njooni karibu zaidi, kwenye nyumba. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, paa la bati, hakuna gata. Masika yanapiga. Maji yanatiririka kwenye migongo ya bati na kudondoka pale pale kila mara, mpaka chini ya ukingo wa paa panachimbika mstari wa vishimo vidogo vilivyopangana kama shanga. Kila tone likigonga pale linarusha udongo mwekundu ukutani. Mvua zikiisha, ukuta mweupe umeshavaa mkanda mwekundu kimo cha goti, mzito chini, ukififia kwenda juu kama uliopuliziwa. Karibu na mlango mkanda umefutika kidogo, kwa kuwa hapo ndipo watoto wanapokaa wakiegemeza migongo. Upande wa jikoni una masizi juu yake. Nimeutazama mkanda huo katika nyumba nyingi na sijawahi kuuona katika katuni yoyote. Ukiuchora, umeshaeleza kwamba mvua ya hapa ni kali, udongo ni mwekundu, gata halijanunuliwa, na watoto wapo. Hakuna msanii aliyeko mbali atakayeubuni, kwa sababu haubuniki. Unaonwa.

Kisha mama anarudi na ndoo ya maji kichwani. Vitabu vya kufundishia katuni huonyesha mwendo wa mtu kichwa kikipanda na kushuka kwa kila hatua; ndiyo mazoezi ya kwanza ya kila mwanafunzi. Huyu mama kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Ngata imekaa, shingo imenyooka, na mashimo yote ya njia yanamalizwa na magoti na kiuno. Juu ya maji kumeelea tawi dogo la majani mabichi, ili maji yasiruke-ruke yakammwagikia. Mwanafunzi anayemchorea mama huyu mwendo wa kitabuni amemvua ustadi alioupata tangu ana miaka saba. Na lile tawi ndani ya ndoo ni uvumbuzi, ingawa hakuna aliyeandikiwa hati kwa ajili yake. Lichorwe.

Sitaki nionekane kama sijui gharama. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Dakika tano ni picha 7,200. Anayechora kwa mkono anaweza kuishi na mchoro mmoja kwa kila picha mbili, akabakiwa na michoro 3,600, na hiyo bado ni michoro mingi kwa watu wanne. Anayetumia kompyuta naye anasubiri kwa namna nyingine, kwa sababu mwisho wa kazi kila picha lazima ipikwe peke yake, mwanga ukokotolewe juu ya kila jani. Wenyewe husema kurenda. Tuseme picha moja inachukua dakika 10. Ni saa 1,200, yaani siku 50, usiku na mchana, feni ya kompyuta ikivuma. Na umeme wetu tunaujua. Ndiyo maana wenye uzoefu hawapiki filamu kama mkate mmoja. Kila picha wanaihifadhi kama faili lake, ili umeme ukikatika ipotee moja tu, na kazi iendelee ilipoishia. Kuna subira ya namna ya pekee katika mtu anayekubali kufanya kazi hivyo, picha moja, halafu nyingine, kama mwanamke anayesuka ukili wa mkeka.

Kuhusu vifaa, kisingizio kimepungua nguvu. Programu ya Blender haiuzwi. Anayeitaka anaipakua bure. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, nchi ndogo isiyo na sifa ya mitambo mikubwa, ilitengenezwa kwa Blender na kuchukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025. Ina paka, maji, wanyama wengine wachache, na haina neno hata moja. Jirani zetu nao hawakungoja: katika Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Afrika ulioonyeshwa na Disney+ mwaka 2023, Raymond Malinga wa Uganda alileta wachungaji wake wa ng'ombe, na Ng'endo Mukii wa Kenya akaleta hadithi yenye jina la Enkai, jina la Mungu kwa Kimaasai. Walipewa nafasi ya kuota mustakabali, wakaanzia zizini na kwenye imani za nyumbani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni urahisi. Yapo maduka ya mtandaoni yanayouza miti, nyumba, mawe na mawingu yaliyokwisha kutengenezwa. Jiwe nunua, sina ugomvi; jiwe la bondeni Lwengera na la kwingine yatasikilizana. Lakini mti una kwao. Nimewahi kuona katuni ya Kiswahili, jina nitaliacha, ambayo bibi anamhadithia mjukuu chini ya mti, na mti wenyewe ulikuwa wa nchi za baridi, majani yamegeuka mekundu kwa kusubiri theluji. Sauti ya bibi ilikuwa nzuri sana, Kiswahili chake kimetulia, mkono wake kwenye bega la mtoto ulichorwa kwa upendo. Nilijikuta siwezi kumsikiliza. Kila alipofungua kinywa nilikuwa nikiutazama ule mti na kujiuliza bibi amepelekwa wapi.

Na sasa kuna akili mnemba. Ukiiambia ikuchoree kijiji cha Afrika, mara nyingi inakuletea msonge wa nyasi, mgunga uliotandaza matawi, na jua kubwa jekundu linalozama. Magoma hakuna picha hiyo. Magoma kuna mabati, kuna bodaboda zimepumzika kivulini, kuna duka lenye dirisha la nondo na vifungu vya vitunguu, kuna mahindi yameanikwa kwenye turubai, kuna mlima juu ya yote. Mtambo umelishwa picha zilizopigwa na wapita njia, nao unarudisha ulicholishwa. Haujawahi kulowana na masika. Sisemi usitumiwe, nasema usiachiwe kuamua kwetu kunafanana vipi. Kijana anayechukua jibu lake la kwanza na kulibandika nyuma ya Mbegha amekubali kuwa mgeni kwao kwa sababu ya kuokoa siku tatu.

Najua mwenye fedha hana siku tatu. Najua msanii ana kodi ya chumba. Hata hivyo kwenye filamu ya dakika tano si lazima kila kitu kichorwe kwa jasho. Tingatinga alituonyesha kwamba nyuma ya chui panaweza kuwa na rangi moja. Chagueni vitu vitatu au vinne ambavyo ni vya hapa na si vya kwingine popote, mviangalie mpaka mvijue, mvichore kwa haki; vilivyobaki viacheni kuwa rangi tulivu. Mtoto wa Magoma akiuona mkanda mwekundu kwenye ukuta na mlingoti unaotikisika, vilivyobaki atavijaza mwenyewe, maana anavyo.

Wewe kijana wa Magoma, wa Mashewa, wa Korogwe au Handeni, mwenye simu yenye kamera na hamu ya kutengeneza katuni, anza na ukuta huo. Piga hodi kwanza, salimia, mwambie mama mwenye nyumba unachokitafuta. Upige picha ukiwa umechuchumaa, kimo cha mtoto, asubuhi na jioni, maana rangi yake hubadilika. Gusa udongo uone chembe zake. Andika mahali na tarehe. Fanya hivyo mwezi Mei, mvua zinapoelekea kuisha, na usiahirishe: sikukuu zikikaribia watu hupaka chokaa upya.